Kwenda Mpirani Pamoja na Watoto

Katika miji ya Burundi, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, siku ya mpira baba huondoka nyumbani baada ya chakula cha mchana na kurudi usiku, sauti imemkauka. Mama hubaki na watoto. Matokeo huyapata redioni, au huyasoma usoni mwa mumewe anapoingia mlangoni. Kiingilio, nauli, soda na mishikaki hutoka katika fungu lile lile la fedha linunualo maharage na sabuni, lakini furaha iliyonunuliwa kwa fedha hizo huwa ya mtu mmoja. Hakuna aliyeipitisha desturi hiyo katika kikao chochote, na kwa sababu hiyo ni vigumu kumpata wa kumlalamikia.

Familia moja ya Muyinga iliamua kuivunja. Baba ni fundi cherehani, mama huuza vitenge sokoni, na watoto ni watatu: msichana wa miaka 13, mvulana wa miaka 10 na kitinda mimba wa miaka 6. Nyumbani yupo pia bibi yao, mama mzaa baba. Safari yao ya kwenda Gitega kutazama mechi ya ligi kuu ilikuwa ya siku mbili tu, lakini maandalizi yake yalichukua miezi miwili, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo ilikuwa mabishano.

Muyinga si mji usiojua mpira. Uko kaskazini-mashariki, njia ya kwendea mpaka wa Kobero na Tanzania, na tangu mipaka ya mikoa ilipobadilishwa mwaka 2025, mikoa 18 ikawa 5, umo katika mkoa wa Buhumuza. Mji huo una uwanja wake uitwao Umuco, neno la Kirundi lenye maana ya mwanga. Kwa hiyo mtu angeweza kuuliza, kwa nini familia iende mbali hivyo kutazama kile kinachochezwa karibu na mlango wake? Jibu la mvulana lilikuwa rahisi. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa, una timu za Flambeau du Centre na Musongati, na uwanja wa Ingoma yeye ameusikia redioni tangu alipoanza kutambaa. Flambeau du Centre iliwahi kuwa bingwa wa nchi na kucheza na Zamalek ya Misri mwaka 2022. Mtoto wa miaka 10 hahitaji sababu nyingine.

Ugumu haukuwa kwa mvulana. Ulikuwa kwa dada yake.

"Mama watoto, nitamchukua kijana peke yake," alisema baba siku ya kwanza jambo lilipotajwa. "Msichana atafanya nini kule?"

"Atafanya lile utakalofanya wewe, baba watoto," mkewe alimjibu. "Atatazama."

Bibi, aliyekuwa akichambua maharage, aliona ni wajibu wake kusema neno. "Zamani zetu msichana hakwenda kwenye mkusanyiko wa watu bila shangazi yake."

"Shangazi yao yuko Gitega, mama. Kwake ndiko tutakakolala."

Hapo bibi akarudi kwenye maharage yake, kwani hoja yake ilikuwa imejibiwa kwa adabu na kwa ukamilifu. Baba hakujibiwa bado. Alizitaja taabu ambazo kila baba huzitaja: matusi ya washabiki, walevi, msukumano mlangoni, ukosefu wa vyoo vya staha. Haifai kuzidharau taabu hizo, kwa kuwa ni za kweli. Lakini mama aliuliza swali moja: ikiwa mahali hapo hapamfai binti wa miaka 13, panamfaaje mdogo wake wa miaka 10? Matusi yale yale yatayaingia masikio yote mawili. Baba akatafuta jibu kwa siku mbili asilipate.

Binti mwenyewe hakushiriki katika mabishano hayo. Yeye hucheza mpira shuleni pamoja na wavulana, na huujua kuliko ndugu yake. Yafaa hapa wazazi wakumbushwe mambo ambayo yamekwisha kutokea katika nchi hiyo hiyo. Chama cha mpira cha Burundi kiliongozwa na mwanamke, Lydia Nsekera, kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Mwaka 2012 yeye ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika kamati ya utendaji ya FIFA, chombo ambacho kwa zaidi ya miaka mia kilikuwa na wanaume watupu, na mwaka uliofuata akachaguliwa rasmi kwa kura. Timu ya taifa ya wanawake nayo ilishiriki kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Afrika la Wanawake nchini Moroko mwaka 2022. Ilifungwa, ndiyo, lakini hata ile ya wanaume, ilipofika fainali zake za kwanza huko Misri mwaka 2019, ilipoteza mechi zote tatu, kwa Nigeria, Madagaska na Guinea, na hakuna aliyesema kwamba kwa hiyo wavulana wakae nyumbani.

Baada ya siku hizo mbili baba alisema, "Basi twende sote," kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, na mkewe akaipokea kama zawadi. Huo nao ni ujuzi wa nyumba.

Sasa ikaja hesabu. Mama alichukua daftari lake la sokoni, akageuza ukurasa wa mwisho, akaandika upande mmoja mapato na upande wa pili matumizi. Jambo lililowashangaza ni kwamba kiingilio cha uwanjani, ambacho ndicho kila mtu hukifikiria kwanza, kilikuwa kidogo katika orodha. Kikubwa kilikuwa nauli ya watu watano kwenda na kurudi. Katika miaka ya karibuni, na hasa mwaka 2024 na 2025, Burundi imepata taabu kubwa ya uhaba wa petroli na dizeli, magari yakikaa foleni kwa siku nyingi na wenye mabasi wakipandisha nauli kila yapatikanapo mafuta ya magendo. Familia inayopanga safari katika hali kama hiyo hupaswa kuweka akiba juu ya nauli iliyotajwa, kwa kuwa nauli ya Jumamosi huenda isiwe ile iliyosikika Jumatano. Mama aliongeza robo nzima. Baba aliona ni woga. Siku ya kurudi aliona vinginevyo.

Kulikuwa pia na suala la siku. Mechi za Jumapili hazikuwafaa, kwa sababu mpira uanzao saa tisa alasiri humalizika karibu na saa kumi na moja, na giza katika milima ile huingia kwenye saa kumi na mbili. Kupata gari la Muyinga saa hiyo, na watoto watatu wenye shule kesho yake, ni kujitafutia balaa. Jumamosi nayo ina sharti lake: asubuhi ni wakati wa kazi za maendeleo ya jumuiya, watu wote wakiwa na majembe na mapanga, na magari hayaendi huku na huku mpaka kazi hizo zimalizike. Basi wakaamua hivi: Jumamosi washiriki kazi mtaani kwao kama kawaida, kisha wapande gari, watazame mechi, walale kwa shangazi, na Jumapili warudi mapema. Mpango huo unaweza kuonekana mdogo ukisomwa gazetini. Nyumbani kwao uliandikwa upya mara nne.

Chakula alikipanga mama bila kushauriana na mtu. Chapati kumi na mbili, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, na maji yaliyochemshwa usiku na kutiwa katika vidumu viwili. Alisema kwamba mtoto aliyeshiba chapati haoni kila sinia lipitalo mbele yake. Aliruhusu soda moja kwa kila mtoto, inunuliwe wakati wa mapumziko na si kabla, ili iwe kitu cha kungojea. Kadhalika alifungasha sweta, kanga mbili na kipande cha nailoni kile atandazacho juu ya vitenge mvua inyeshapo sokoni. Gitega iko juu ya milima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyelowa huko hutetemeka hata katikati ya mwaka. Zaidi ya hayo, ndani ya mfuko wa kila mtoto aliweka karatasi yenye namba za simu za wazazi wote wawili na ya shangazi, imefungwa katika plastiki na kushonewa kwa uzi. Ushonaji huo ulikuwa kazi ya baba, naye aliufanya vizuri sana.

Barabara ya Muyinga hadi Gitega hupitia Karuzi, mwendo wa kilomita zinazokaribia mia moja. Ni barabara ya milima na mabonde: migomba, mashamba ya kahawa, mikaratusi, na baiskeli zilizosheheni mizigo mizito zikiteremka kwa kasi inayotisha kuitazama. Karibu na Gitega barabara huuvuka mto Ruvubu. Msichana alijua kutoka shuleni kwamba maji hayo huingia mto Kagera, kisha ziwa Viktoria, kisha Nili, na akamweleza mdogo wake kwamba maji ayaonayo yanakwenda Misri, kule kule walikofungwa Intamba mu Rugamba. Kitinda mimba alitapika mara moja, Karuzi. Safari gani ya watoto isiyo na hilo?

Gitega ni mji wenye historia ndefu kuliko majengo yake yanavyoonyesha. Wafalme wa Burundi walikuwa na makao yao katika milima ya pande hizo. Wajerumani walihamishia huko makao ya utawala wao mwaka 1912, na hapo ikawa mji. Jumba la makumbusho la taifa limekuwapo huko tangu mwaka 1955. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Gitega ikawa rasmi mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikibaki na biashara. Uwanja wa mpira ukapewa jina ambalo Mswahili yeyote hulitambua bila mkalimani: Ingoma, yaani ngoma. Ila kwa Kirundi neno hilo hubeba maana ya pili, nayo ni ufalme au utawala, kwa kuwa ngoma ndiyo iliyokuwa alama ya mfalme. Uwanja huo umeishi kulingana na maana zote mbili. Tarehe 18 Juni 2020 Rais Évariste Ndayishimiye aliapishwa hapo. Siku nane baadaye, tarehe 26 Juni, watu walikusanyika hapo hapo kumuaga Pierre Nkurunziza kabla ya maziko. Jumamosi ya kawaida, hata hivyo, Ingoma ni mahali pa karanga na filimbi ya mwamuzi.

Familia ilifika uwanjani saa nane, saa nzima kabla ya mpira. Kufika mapema ndiko kulikokuwa na faida kubwa kuliko jambo lolote walilofanya siku hiyo. Waliingia wakati mlangoni pangali peupe. Walichagua mahali pa kukaa, si karibu na uzio ambako vijana hupenda kusimama, wala si katikati ya safu ndefu ambako mtoto akitaka kwenda haja inabidi watu ishirini wainuke. Walikaa mwisho wa safu, juu kidogo, karibu na njia. Kisha mama akawachukua watoto, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye nguzo moja iliyopakwa chokaa nje ya njia kubwa ya watu, akawaambia: "Mtu akipotea, asitutafute. Aje asimame hapa, angoje." Kitinda mimba alitakiwa kuirudia amri hiyo mara tatu. Mvulana aliirudia mara moja, kwa kuchoka.

Wapo watakaosema huo ni woga wa mama. Takwimu za viwanja vya dunia zinasema vingine. Accra, tarehe 9 Mei 2001, watu 126 walikufa baada ya polisi kutupa mabomu ya machozi majukwaani na watu kukimbilia milango. Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, wanane walikufa kwenye mlango wa uwanja wa Olembe, mechi ya Kombe la Afrika ikiwa karibu kuanza. Katika uwanja wa Kanjuruhan huko Indonesia, tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo, walikufa 135, watoto wengi wakiwa miongoni mwao. Hata pasipo mpira hutokea: Dar es Salaam, tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha katika uwanja wa Uhuru walikokwenda kumuaga Rais Magufuli.

Watu wengi hudhani kwamba wanaokufa katika misongamano hiyo hukanyagwa. Wengi wao hufa wakiwa wima. Kifua hubanwa pande zote hata mbavu zikashindwa kutanuka, na pumzi ikakatika. Mtoto yumo hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu uso wake uko kwenye usawa wa viuno na migongo ya watu, ambako hakuna hewa. Kwa hiyo mzazi aliye ndani ya msongamano humwinua mdogo mabegani au kifuani, huiweka mikono yake mbele ya kifua kama bondia ili ajiachie nafasi ya kupumua, hukaa mbali na ukuta na uzio, wala hashindani na nguvu ya watu bali huifuata, akijisogeza upande kidogo kidogo kila ipunguapo. Kubwa kuliko yote ni kutokuwamo kabisa. Atokaye wa mwisho uwanjani hupoteza nusu saa.

Mpira ulianza. Hakuna haja ya kuusimulia wote; wenyeji walicheza kwa pasi fupi, wageni kwa mashuti marefu, na mwamuzi alisemwa na pande zote. Msichana alimwonyesha mamake jinsi beki wa kushoto wa wageni alivyokuwa akipanda mbele na kuacha nafasi nyuma yake. Dakika saba baadaye bao la wenyeji lilipita katika nafasi hiyo hiyo. Baba alimtazama bintiye kwa muda, akasahau kushangilia.

Huko Marekani kuna mchezo uitwao besiboli ambao familia huendea kwa namna nyingine kabisa. Uwanja wa Fenway Park mjini Boston ulifunguliwa mwaka 1912, mwaka ule ule Wajerumani walipohamia Gitega, na ungali unatumika. Wako watu waliopelekwa huko na baba, waliopelekwa na babu. Mchezo wenyewe una vipindi tisa na husimama mara kwa mara, kiasi cha saa mbili na nusu kwa jumla, hata mama huweza kugawa chakula, kumpeleka mtoto chooni na kurudi bila kukosa jambo. Katika kipindi cha saba uwanja mzima huinuka kujinyoosha. Mpira wa miguu hauna huruma hiyo. Mapumziko ni dakika 15 tu, na katika dakika hizo watu wote hutaka choo kimoja na soda moja. Mama wa Muyinga alilijua hilo bila kwenda Boston: aliwapeleka watoto chooni dakika ya 38.

Kosa lilikuja kipindi cha pili, na lilikuwa la baba. Mvulana alimwomba washuke karibu na uzio awaone wachezaji vizuri. Mama alitikisa kichwa. Baba akasema, "Dakika tano tu," wakashuka. Ndipo mvua ya milimani ikaja kama ijavyo, bila salamu. Katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki jukwaa lenye paa ni moja, nalo ni la wenye tiketi za bei kubwa. Upande wa pili ni wazi. Watu mia kadhaa waliinuka kwa pamoja wakakimbilia paa na milango. Mama aliwavuta wale wawili, akatandaza nailoni juu ya vichwa vyao, wakabaki wameketi. Baba alishika mkono wa mwanawe. Katika hatua ya nne au ya tano mkono huo haukuwa tena mkononi mwake.

Alirudi juu peke yake, amelowa, hana kofia. Mkewe hakumuuliza kitu. Msichana akasema, "Nguzo," na alikuwa amekwisha simama. Lakini mama alimkataza kuteremka mpaka mkondo wa watu upungue, na huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko wote wa siku hiyo: kuketi chini ya nailoni, mtoto mmoja hayupo, na kungoja ili wasipotee wawili. Baba alitaka kurudi kumtafuta uzioni. "Amri ilikuwa ni nguzo," mkewe alisema. "Ukienda uzioni, akifika nguzoni atamkuta nani?" Walingoja muda ambao baba baadaye aliukadiria kuwa saa nzima. Kwa saa ya mkononi ya jirani yao ulikuwa dakika kumi na mbili.

Mvulana alikuwa nguzoni. Alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, chokaa imemwingia hadi shingoni, na karatasi ya plastiki ameitoa mfukoni akiwa tayari kumpa mtu yeyote mwenye simu. Hakulia mpaka alipomwona dada yake. Timu zilikuwa zingali zinacheza ndani ya mvua. Bao la kusawazisha lilifungwa wakati huo, na hakuna hata mmoja katika familia hiyo aliyeliona.

Usiku, kwa shangazi, baba alisema jambo hilo mwenyewe mbele ya watu wote, kabla hajaulizwa. Kisha akamwambia mkewe kwamba kuanzia siku hiyo kiongozi wa safari za namna hiyo ni yeye. Shangazi aliwapa chai ya tangawizi na kuwavisha watoto nguo za wanawe.

Jumapili asubuhi walikwenda Gishora, kilomita chache kaskazini ya mji, kwa kuwa gari lao lilikuwa la saa sita. Huko ndiko kunakohifadhiwa ngoma za kifalme, katika makao yanayohusishwa na mfalme Mwezi Gisabo. Ngoma hizo na uchezaji wake viliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu. Wapigaji huingia wakiwa wamebeba ngoma vichwani, bila kuacha kupiga, na kishindo chake huingia tumboni kabla ya kuingia masikioni. Kitinda mimba alisahau jana yake yote.

Msichana aliuliza kwa nini hakuna msichana hata mmoja anayepiga. Alielezwa kwamba amri ya rais ya Oktoba 2017 imeweka upigaji wa ngoma hizo kuwa wa wanaume, na wanawake wana michezo yao ya kuimba na kucheza. Alisikiliza kwa heshima. Akauliza kama katika mpira ipo amri kama hiyo, baba yake akamjibu kwamba haipo. "Basi," alisema, kisha akarudi kutazama. Wazazi walitazamana juu ya kichwa chake. Jambo la ngoma litajadiliwa na wakubwa wenye mamlaka nalo; jambo la viatu vya mpira, ambavyo binti huyo hana, ni la nyumba moja ya Muyinga, nalo lilijadiliwa ndani ya gari kuanzia Gitega hadi Karuzi.

Walizungumza pia habari nyingine ambayo mvulana aliisikia kwa shangazi na ikamsumbua. Mwezi Agosti 2024 Vital'O ya Bujumbura, timu iliyowahi kufika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992, ilipangwa na Young Africans katika Ligi ya Mabingwa, na mechi zote mbili, hata ile iliyoitwa ya nyumbani, zilichezwa Dar es Salaam. Ilifungwa 4–0, kisha 6–0. Hapakuwa na uwanja nchini uliotimiza masharti ya shirikisho la Afrika: viti, taa, vyumba, milango ya dharura. Mvulana aliuona huo kuwa uonevu. Baba, ambaye juzi angekubaliana naye, alikaa kimya kidogo, kisha akamweleza milango ya dharura ni kitu gani na ni ya kazi gani.

Nauli ya kurudi ilikuwa imepanda, kwa kuwa petroli haikupatikana Gitega Jumamosi hiyo. Robo ile iliyoongezwa na mama ilikwenda yote. Alipofunga daftari lake Jumapili usiku palikuwa na upungufu wa bei ya soda mbili na kofia moja. Soda zilikuwa za shangazi na mwanawe, na kofia ilibaki Ingoma. Baba alizilipa kwa kushona sare mbili za shule juma lililofuata, baada ya saa za kazi.

Viatu vimeanza kuwekewa akiba katika ukurasa wa peke yake. Mechi ijayo watakayoitazama itakuwa ya Umuco, ambako watakwenda kwa miguu. Bibi ametangaza kwamba safari hiyo naye atakuwamo, mradi aketishwe penye paa, na mama ameandika daftarini tofauti ya bei.